Sura ya Sita: Bata Waliokataa Kunenepa

"Mgeuze," alisema Daktari Szalkai, "halafu uniambie unaona nini."

Inspekta Rozália Benkő hakupenda kushika maiti kabla ya kahawa, lakini Szalkai ndiye mpasuaji maiti pekee wa wilaya ya Orosháza, na mama huyo hakuwa na subira na polisi wanaojidai kuwa na roho laini. Mmoja alishika mabega, mwingine kiuno, wakamlaza Bibi Etelka Bodrogi kifudifudi. Haikuwa kazi. Mwanamke aliyezaa watoto wawili na kunenepesha bata bukini maisha yake yote alikuwa mwepesi kuliko gunia la pumba.

"Naona mifupa," alisema Benkő.

"Mifupa aliiona hata dereva wa gari la maiti. Tazama chini ya kisogo."

Benkő aliinama. Pale shingo inapokutana na mgongo, ngozi ilikuwa na vidoa vidogo vyekundu na vingine vilivyokwisha kugeuka rangi ya majani makavu. Vilijipanga mistari miwili, mmoja kushoto, mmoja kulia. Alianza kuvihesabu, akaacha.

"Sindano."

"Sindano, na za wiki nyingi. Kabla hujaniuliza, si insulini. Sukari yake haina neno. Si dawa ya kulevya wala sumu yoyote ninayoijua. Damu nimeipeleka Szeged, watajibu siku wakijisikia."

"Kwa hiyo amekufa kwa nini?"

"Njaa. Tumboni mna supu kidogo, kama vijiko viwili. Hakuna uvimbe, hakuna saratani, koo safi, utumbo mzima. Mama huyu angeweza kula kama mimi na wewe. Hakula, basi."

"Au alinyimwa."

"Hilo ni lako." Szalkai alivua glavu, akazitupa ndani ya ndoo bila kutazama. "Ila nikwambie jambo. Nimesoma na wauguzi, nimeolewa na muuguzi, nimeachana na muuguzi. Sijawahi kuona muuguzi anayemdunga mtu kisogoni."

Neno hilo halikumpendeza Benkő hata kidogo, kwa sababu muuguzi alikuwa tayari mahabusu, na aliyemtia mbaroni ni yeye mwenyewe.

Watu wa uwanda ule hufa kwa mambo mengi: pombe, trekta, kamba. Lakini mtu kufa kwa njaa huku stoo yake imejaa soseji, mafuta ya bata na mitungi ya jamu, hilo lilikuwa halijapata kusikika, na jambo lisilosikika hutafutiwa mkosaji upesi. Mkosaji aliyepatikana ni Jolán, binti wa marehemu, muuguzi wa hospitali ya mjini, aliyechukua likizo tangu Novemba ili amtunze mama yake. Yeye ndiye aliyepika. Yeye ndiye aliyeshika funguo za stoo. Kaka yake, Imre, aligongwa na lori akafa msimu wa vuli, kwa hiyo shamba lote lingekuwa lake siku moja. Na wiki ya mwisho jirani alimsikia akipaza sauti jikoni: "Kama unataka kufa, kufa tuone!"

Mwendesha mashtaka alikwisha ridhika. Jioni ile Jolán angehamishiwa rumande ya Szeged kwa kosa la kumuua mama yake. Mtu akishaingia huko kwa kosa kama hilo, hata akija kuachiwa, kijijini harudi. Nani atampa mkono? Hospitali gani itamwachia mgonjwa? Benkő alijua hayo yote alipokuwa akimfunga pingu. Sasa ndipo alipotaka kuwa na hakika, jambo ambalo lingefaa kutangulia.

Jolán alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda cha mahabusu, mikono katikati ya magoti. Alikuwa na miaka arobaini na kitu, na viatu vyake vilikuwa vimenyang'anywa kamba.

"Umekuja kunisomea mashtaka?"

"Nimekuja kukuuliza habari za sindano."

"Sindano gani?"

Benkő alimpa picha aliyopigwa marehemu asubuhi ile. Jolán aliitazama kwanza kwa jicho la kazi, akaisogeza karibu na taa. Kisha akatambua ni shingo ya nani, na uso ukamshuka.

"Hiyo ni ya mama?"

"Hukuwahi kuziona alama hizo? Umemtunza miezi mitatu."

"Alikuwa na kitambaa cha kichwa." Alijishika kisogo chake mwenyewe. "Tangu tumzike Imre hakuvua kitambaa cheusi. Fundo lilikaa hapa. Alilala nacho, akaamka nacho. Nilimbadilisha nguo, nilimkanda miguu, nilimsafisha kila mahali. Kitambaa hakikuguswa."

"Nywele je? Nani alimwosha?"

"Baba. Huko jikoni, mlango umefungwa. Nilidhani wanakwenda kumlilia Imre. Niliwaachia nafasi yao, ungefanya nini?"

"Wewe ni muuguzi, Jolán. Mtu anayeyuka mbele ya macho yako na wewe unamwachia nafasi?"

"Nilimpeleka kwa daktari mara nne!" Sasa alisimama. "Akasema majonzi. Akampa vidonge vya majonzi. Nikamlazimisha apime damu, apime tezi, apime kila kitu kinachopimika. Nilipika supu ya bata, nilipika tambi za mbegu za mpopi, nilioka zile keki za jibini ambazo zamani alikuwa anatufichia juu ya kabati asije akazimaliza mwenyewe. Na unajua alichoniambia? Mimi wagonjwa wenye majonzi nawajua, nimewalisha kwa mkono huu. Wanakwambia sitaki, niache, ondoa hicho. Mama hakusema hivyo. Alikula vijiko viwili, akaweka kijiko chini kwa adabu, akasema, 'Asante mwanangu, nimeshiba.' Ameshiba! Kama katoka harusini! Ndipo nikapiga kelele. Jirani hakunisingizia. Nilisema kama unataka kufa, kufa."

Alikaa tena, akaanza kulia bila sauti. Benkő alimpa muda, si mwingi.

"Nani mwingine alikuwa anakuja pale kwenu?"

"Hakuna. Daktari Vereckei tu, yule wa maabara ya Szeged, lakini huyo ni wa bata. Ndani haingii, anaogopea viatu vyake."

"Anafanya nini na bata?"

"Utafiti. Wanadungwa dawa ili wale wenyewe, wasishindiliwe mahindi kwa bomba. Si unajua Ulaya nzima inavyotupigia kelele?" Akanyanyua uso ghafla. "Wewe unadhani Vereckei..."

"Sijadhani kitu bado," alisema Benkő, lakini alikuwa amekwisha dhani.

Njiani Sajenti Kardos, aliyekuwa akiendesha, alikwisha maliza kesi nzima kichwani mwake.

"Daktari wa bata anataka kujaribu dawa kwa binadamu. Anamwona bibi mwenye majonzi, hana mtu wa kumuuliza. Anamdunga kwa siri. Bibi anakufa. Mkuu, hiyo inatosha kabisa."

"Haingii ndani, Kardos."

"Ndivyo anavyosema kila mtu ambaye hajaulizwa vizuri."

"Zile alama zimelala mshazari, zimeingia kutoka juu. Bibi alikuwa ameketi, na aliyemdunga alisimama nyuma yake, zaidi ya mara arobaini. Hakuna alama hata moja iliyokwaruza. Mtu hadungwi hivyo kwa siri. Alikuwa anatulia mwenyewe."

Kardos akapunguza mwendo. Benkő aligeukia dirishani, maana swali la nani Bibi Etelka angemtulizia shingo namna hiyo lilikuwa na majibu machache sana, na moja lilikuwa chini ya ulinzi wake.

Gari la Vereckei lilikuwa limeegeshwa mbele ya banda la akina Bodrogi. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, amevaa mifuko ya plastiki ya buluu juu ya viatu vyake, na alikuwa akipima bata mmoja mmoja kwenye mizani huku akinung'unika. Nyuma yake, Mzee Ambrus Bodrogi, mume wa marehemu, alikuwa akimletea ndege hao na kuwapokea. Alikuwa amefunga kitambaa cheusi cha msiba kwenye mkono wa koti na hakumwangalia mtu yeyote.

"Najua, najua, kuna msiba," alisema Vereckei kabla hajaulizwa. "Lakini siku ya kupima ni siku ya kupima. Nikikosa leo, namba zote zinaharibika."

"Daktari, hiyo dawa yako inafanya nini hasa?"

"Inaleta hamu ya kula. Ni protini, tumeitengeneza wenyewe. Bata mwenye pete nyekundu mguuni anadungwa dawa, mwenye pete ya njano anadungwa maji ya chumvi tu ili tulinganishe. Katika mashamba mengine yote imefanya maajabu! Wenye pete nyekundu wanakula mpaka hawawezi kutembea, ini limenona, na ini ndilo linalouzwa, tena hakuna aliyeingizwa bomba kooni. Sasa tazama hapa."

Alionyesha uwanjani. Bata wenye pete nyekundu walikuwa wakikimbizana na wale wa njano juu ya matope, wote wepesi, wote na kelele sawasawa.

"Unaona? Hawana tofauti. Lakini vichupa vya dawa vimerudi vitupu, mpaka tone la mwisho. Mzee huyu ataniulia kazi ya miaka sita."

"Labda hakuwadunga."

"Basi dawa ilikwenda wapi? Ameinywa?"

Alisema hivyo kwa kejeli, akamrudishia mzee bata wake. Wakati huo macho ya Benkő yalikuwa kwa Mzee Ambrus. Dozi za siku zilikuwa zimewekwa tayari juu ya boksi. Mzee alimbana bata katikati ya magoti, akaiinamisha shingo yake mbele kwa kiganja, akaivuta ngozi ya chini ya kisogo kwa vidole viwili, akapitisha sindano. Kufumba na kufumbua, amemaliza. Bata hata hakupiga kelele.

"Kila siku hapo hapo?" aliuliza Benkő.

"Leo kushoto, kesho kulia," alijibu mzee bila kuinua kichwa. "Ukidunga upande mmoja tu ngozi inakuwa ngumu."

Kardos alifungua mdomo. Benkő alimkanyaga mguu, akamshika Vereckei mkono na kumtoa nyuma ya banda.

"Dawa yako ikiingia kwa mtu inakuwaje?"

"Kwa nini iingie kwa mtu?"

"Nimekuuliza nini?"

Vereckei alivua miwani, akaanza kuifuta kwa koti. "Kuna homoni inaitwa grelini. Inatoka tumboni, inakwenda kwenye ubongo, huko kuna mlango inaugonga. Wote tunayo: mimi, wewe, nguruwe, panya, bata, hata samaki. Tumeirithi kwa mnyama mmoja wa zamani sana, kabla ndege na sisi hatujaachana. Homoni ni karibu ile ile, na mlango ni karibu ule ule."

"Ikigonga inasema nini?"

"Hapo ndipo tulipotengana. Kwetu sisi tunaonyonyesha inasema una njaa, nenda ukale. Kwa ndege inasema acha kula. Samaki wenyewe hawajapatana, wengine hivi, wengine vile. Maumbile hayatupilii mbali kitu, yanakipa kazi nyingine."

"Na protini yako?"

"Inaziba ule mlango. Bata akizibwa mlango, breki inaondoka. Anakula tu."

"Mtu je?"

Alisita. "Mtu akizibwa, njaa yenyewe ndiyo inayoondoka. Tulijaribu kwa panya mwanzoni kabisa, kwa kutaka kujua. Walikaa mbele ya sahani iliyojaa. Hawakuwa wagonjwa, hawakuwa na huzuni. Walijiona..."

"Wameshiba."

"Ndiyo. Wameshiba." Ndipo alipoelewa anaulizwa nini. Miwani ikamponyoka. "Mungu wangu. Yule mama?"

"Nani alikuuliza kama dawa hiyo inafaa kwa watu?"

"Hakuna."

"Daktari, nina mwanamke mahabusu. Jioni hii anapelekwa Szeged kwa kumuua mama yake kwa njaa. Nikigundua kesho kwamba ulijua jambo leo ukanyamaza, kitanda alichokiacha utakilalia wewe. Nani alikuuliza?"

Vereckei aliitazama miwani yake matopeni kana kwamba hajui ni ya nani. "Mzee. Novemba, hapa hapa tulipo. Aliniuliza kama ingemsaidia mtu asiyekula. Nilidhani anatania."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia... Nilimwambia mtu wa uwanda huu na dawa ya kumtia hamu ya kula wapi na wapi, labda nimtengenezee ya kumpunguzia. Tulicheka."

"Yeye alicheka?"

Alifikiri. "Sikumbuki. Mimi nilicheka."

"Ulijua dawa inafanya kinyume, na hukumwambia."

"Nani angedhani kwamba mtu mwenye akili timamu..."

"Mtu aliyelisha bata miaka hamsini na mke wake hali chakula," alisema Benkő. "Huyo angedhani. Kesho saa mbili asubuhi uwe ofisini kwangu, na uje na mwanasheria."

Alikuwa na hasira, tena hasira ya kweli, na sehemu yake kubwa ilikuwa juu yake mwenyewe. Jolán alikuwa amelala mahabusu usiku mzima kwa sababu polisi waliuliza nani alipika, na hawakuuliza nani aliosha nywele.

Jikoni Mzee Ambrus aliwawekea mkate, mafuta ya bata na ngozi yake iliyokaangwa, vitunguu, na glasi ndogo tatu za pombe ya plamu. Katika nyumba zile hakuna swali linaloulizwa kabla mgeni hajatia kitu kinywani, hata mgeni mwenye pingu mfukoni. Benkő alikula. Kardos alikula pia, bila raha.

"Mzee Ambrus, dawa ya bata wa pete nyekundu ilikwenda wapi?"

Mzee alizungusha glasi yake mezani. "Daktari ataniita mwizi."

"Hatakuita. Nimezungumza naye."

"Basi nilimpa mama Jolán." Alisema kama mtu aliyetua mzigo. "Baada ya Imre alianza kula nusu sahani. Jolán alisema ni kawaida, ni huzuni, itapita. Lakini mimi bata akiacha nusu najua anakoelekea. Nikamwambia, Etelka, kuna dawa. Akasema sawa, ila mtoto asijue, atatuletea mambo ya hospitali. Akaketi pale kwenye kigoda, akafungua kitambaa, akainamisha kichwa. Sikumlazimisha hata siku moja. Muulize yeyote."

Hakukuwa na wa kuulizwa, na wote watatu walilijua hilo.

"Ulimdunga kisogoni."

"Sijui kudunga kwingine."

"Ulianza na kiasi gani?"

"Cha bata mmoja. Akapunguza chakula. Nikajiambia, huyu si bata, ni mkubwa, dawa haimfikii. Nikampa cha bata wanne. Akapunguza tena." Sasa maneno yalimtoka upesi. "Bata akikataa, Inspekta, hutoi mkono. Ukitoa mkono umempoteza. Unaongeza. Baba yangu aliongeza, babu yangu aliongeza, na hatukuwahi kupoteza kundi. Mwisho nilimpa ya wote wa pete nyekundu, wao nikawadunga maji. Kila siku yeye aliniambia, 'Ambrus, acha, nimeshiba,' na mimi nikamwambia vumilia mama, itashika, itashika tu. Halafu Ijumaa dawa ikaisha. Vereckei alikuwa analeta nyingine leo. Jumapili asubuhi nikamkuta..." Aliisukuma glasi mbali. "Kama ningekuwa na kichupa kimoja zaidi. Kimoja tu."

Kardos aliweka glasi mezani, akatoka nje bila kuomba ruhusa.

Benkő aliwahi kuwaambia watu mambo mabaya mengi, lakini siku zote aliwaambia watu ambao hawakuyasababisha. Alitamani kumwacha mzee na kichupa chake kimoja. Hakuweza. Bila maelezo ya mzee kuandikwa, Jolán angepanda gari jioni.

"Mzee, nisikilize. Dawa ile kwa ndege inaleta hamu ya kula. Kwa mtu inaiondoa. Kila ulipoongeza, ndivyo alivyozidi kutosikia njaa. Hakukudanganya. Tumbo lake lilimwambia limeshiba."

"Hapana," alisema mzee kwa upole, kama anayemsahihisha mgeni. "Tumbo ni tumbo. Mimi nimepasua nguruwe, nimepasua bata, nimepasua sungura. Ndani ni yale yale."

"Vitu ni vile vile. Kazi zimebadilika."

"Nani kasema?"

"Vereckei."

"Alijua?"

"Alijua."

"Nilimuuliza. Nilimuuliza kabisa, na kofia mkononi." Mzee alisimama, akashika ukingo wa meza. "Akacheka. Na mimi nikacheka, kwa adabu."

Midomo yake ilikuwa ikitembea, na Benkő alielewa kwamba anarudi nyuma siku kwa siku, kichupa kwa kichupa, na kila alipofika alijikuta yeye mwenyewe na sindano mkononi. Kisha akaiachia meza, akaanguka. Benkő alimdaka kabla hajagonga sakafu. Alimkalisha, akamfungua kola, akampa pombe ambayo hakuinywa.

"Vaa koti, mzee," alisema mwishowe. "Twende tukamtoe mtoto wako."

Kituoni Benkő alimtoa Jolán kwanza, akamweleza kila kitu ukumbini, wamesimama, kwa maneno machache aliyoweza kuyapata. Jolán aliomba kamba za viatu vyake, akainama kuzifunga, na hakuinuka mpaka Benkő alipomwacha akaingia ofisini.

Kardos alikuwa mbele ya kompyuta. Mzee Ambrus alikuwa amevua kofia na kuiweka magotini.

"Amekataa, mkuu," alisema Kardos. "Kila kitu amekubali ila neno moja."

"Neno gani?"

"Andika makusudi," alisema mzee.

"Haikuwa makusudi."

"Wewe ulikuwepo? Andika nilitaka shamba."

"Shamba ni lako, mzee."

"Basi andika nilimchoka. Watu wanachokana. Andika hivyo."

Benkő alivuta kiti, akaketi karibu naye. "Kwa nini unataka nikuandikie uongo?"

"Nikisema sikukusudia, mtanifanya nini?"

"Utashtakiwa kwa uzembe. Kwa umri wako, na kwa jinsi ilivyotokea, sidhani kama kuna hakimu wa kukufunga. Leo utarudi kwako."

"Sasa unaona." Alimtazama kama aliyeshinda hoja. "Mtu akiua, mnampeleka mahali. Mna vyumba, mna milango, mnajua la kumfanya. Mimi mnataka kunirudisha kwenye jiko lile. Nitalala kitanda kile na nani? Jolán akiniwekea chakula mezani nitakila vipi? Niandikie makusudi, binti yangu. Nakuomba. Niwekeni mnapowaweka wengine."

Mlango ulikuwa wazi. Jolán alikuwa amesimama pale na koti lake mkononi, na hakuna aliyejua alifika saa ngapi. Mzee alimwona, akateremsha macho.

"Mwandikie anachotaka," alisema Jolán.

"Jolán," alisema Benkő.

"Mwandikie, Inspekta. Hata mimi sitaweza kukaa naye."

Kardos aliondoa vidole kwenye kompyuta, akamtazama mkuu wake. Benkő alimsogeza, akaketi mahali pake, akaandika mwenyewe: bila kukusudia. Akamsomea mzee kwa sauti, neno kwa neno, kama sheria inavyotaka, akamwekea kalamu mkononi na kusubiri. Alisubiri mpaka taa za barabarani zikawaka. Mzee alitia sahihi, herufi kubwa za mtu asiyezoea kuandika, na mwanawe hakusogea mlangoni.

Basi la mwisho la kijijini lilikuwa limekwisha ondoka. Benkő alimpa Kardos ufunguo wa gari, akamwambia awapeleke nyumbani wote wawili.